Jino la Baba Mkwe

Ukivunjika jino Tukuyu na hutaki ling'olewe, utaletwa kwangu. Wapo watakaokuambia upande gari uende Mbeya, na huko Mbeya nako kuna watakaokuuliza kama umeshapita kwangu. Nayasema haya mwanzoni kabisa kwa sababu nimechoka kusoma maandishi ya watu wanaojifanya wadogo wakati kazi zao ni kubwa. Kazi yangu mimi ni kubwa, ingawa inakaa kwenye ncha ya kidole.

Nina diploma ya maabara ya meno. Hakuna mjomba aliyenilipia. Nilijilipia kwa maparachichi. Nilianza kuyanunua kijijini kwetu Suma yakiwa bado mtini, sijafika hata miaka ishirini, nikawa nayauza stendi ya Tukuyu, kisha nikayafuata Dar es Salaam, ambako parachichi la Rungwe linaheshimika kuliko mtu wa Rungwe. Asubuhi darasani, jioni sokoni. Nilipomaliza nilikwenda Lusaka, nikafanya kazi miaka sita katika maabara yenye mafundi tisa, wanaume wanane na mimi, na wakati naondoka funguo za chumba cha tanuri la kauri zilikuwa mfukoni mwangu. Nilirudi nyumbani na tanuri langu mwenyewe, nimelifunga katikati ya magodoro mawili. Pale mpakani ofisa mmoja aliniuliza kama ni la kuokea mikate. Nikamwambia ni la kuokea meno. Alinitazama, akalitazama tanuri, akaturuhusu sote wawili tupite.

Kwa asiyejua ninachofanya, afikirie gego. Ukilitazama kutoka juu lina vilima vinne au vitano na mabonde katikati yake, kama vile unavyoviona vilima vya Suma ukiwa umesimama barabarani asubuhi ukungu ukiondoka. Jino likitoboka bondeni tu, vilima vikiwa salama, natengeneza kipande kinachoingia mle ndani na kujaa sawasawa. Hicho tunakiita inlei. Kilima kikivunjika, kimoja au viwili, natengeneza kipande kinachojaza bonde na kupanda juu kushika nafasi ya kilima kilichoanguka. Hicho ni onlei. Kipande hakitengenezwi mdomoni. Tabibu huchukua chapa ya meno kwa ute unaoganda kwenye trei, mimi namimina plasta ndani yake, ule unga mweupe wa kukorogwa unaokauka kama jiwe, nikapata meno ya mtu mezani kwangu. Hapo ndipo ninapoijenga kauri tabaka kwa tabaka, naioka, naisugua, kisha inarudi kwa tabibu akaibandike. Ikifanywa vizuri, mwenye jino husahau lilipovunjika.

Tabu ni kwamba kwetu jino na kung'oa ni kitu kimoja. Mtu anaingia kwa tabibu ameshika shavu, kabla hata ya salamu anasema, "Nimekuja uning'olee." Kona ndogo tu imemeguka, mzizi mzima, fizi safi, yeye anataka koleo. Watu wazima wa Rungwe wana mapengo ambayo hayakuwa na sababu.

Tabibu ninayefanya naye kazi amezaliwa hapa hapa mjini, ingawa ukoo wake ni mafundi cherehani waliotoka pwani zamani. Anaongea Kinyakyusa kizuri kuliko watoto wangu. Tumepanga vyumba viwili nyuma ya soko, kimoja chake chenye kiti cha wagonjwa, kimoja changu chenye meza na tanuri, na katikati hakuna mlango, kuna pazia. Yeye ananiita dada fundi. Tunagombana kila siku na hatujawahi kukosana.

Basi, mwaka juzi wakati wa mvua, baba mkwe wangu aling'ata jiwe kwenye kande.

Hapa lazima nieleze jambo la nyumbani. Mume wangu ni dereva wa malori, tulikutana Lusaka na kugundua kwamba kwao ni Kyimo na kwetu ni Suma, watu wa kutembeleana kwa miguu. Kwetu Suma mambo ya kumkwepa baba mkwe yalikuwa yamelegea siku nyingi. Kyimo, kwa wakwe zangu, hayakulegea hata kidogo. Mkamwana hakai chumba kimoja na baba mkwe. Hamtazami usoni. Hazungumzi naye. Wakikutana njiani, mkamwana anaacha njia, anajitanda khanga, anageukia migomba mpaka mzee apite. Baba mkwe naye ana masharti yake: akikaribia nyumba yetu anakohoa tangu mbali, na akiwa na neno kwangu analipitisha kwa mama mkwe. Wala si kwamba ananichukia. Hiyo ni heshima yake kwangu na yangu kwake, na mzee ni mzee wa kanisa pia, anazishika heshima zote mbili bila kuona shida. Nilikuwa mkamwana wake kwa miaka kadhaa na sikuwa naijua sura yake. Nilijua kikohozi chake, na viatu vyake.

Habari za jiwe aliniletea mama mkwe. Alikaa kwenye benchi karakanani kwangu, akaweka kikapu cha ndizi chini, akazungumza kwanza habari za mvua, za ng'ombe, za ndugu mgonjwa. Nikamngoja.

"Baba yenu amevunjika jino," akasema mwishowe. "Anauliza kama yule bwana wa kung'oa yupo Jumatano."

"Jino gani, mama?"

"La nyuma. Huku." Akashika shavu la kulia.

Nikaguna. Mama mkwe alishanisimulia kwamba kushoto mzee hakuwa na kitu. Magego yote ya upande ule yalishang'olewa, moja moja, miaka hiyo, na kila moja kwa sababu ya kona iliyomeguka. Kulia alibakiwa na gego moja la chini lililokutana na la juu. Hilo ndilo lililokuwa likimlisha. Likitoka hilo, mtu mwenye mikono ya kufuma matenga ya mianzi kutwa nzima angekula uji mpaka mwisho wa maisha yake.

"Halitang'olewa," nikasema.

"Ameshaamua."

"Mwambie mkamwana wake anasema halitang'olewa. Nitalitengeneza."

Sikuwa na maneno laini siku hiyo, na sababu yake naisema wazi. Nilikuwa najua mzee alichokuwa akisema kuhusu kazi yangu. Maneno yanapitishwa kwenda na kurudi. Aliwahi kusema kwenye kilabu cha wafumaji kwamba mke wa mwanawe amekwenda Zambia miaka sita kujifunza kufinyanga. Watu wakacheka. Basi nilitaka afinyangiwe la kwake alitafunie.

Mama mkwe akawa anazungusha ncha ya khanga kidoleni. "Utalitengenezaje, mama, na wewe humtazami?"

"Tabibu atamshughulikia. Mimi nitapata plasta tu."

"Plasta ya mdomo wake?"

"Ya meno yake."

"Meno ni mdomo."

Tabibu aliyekuwa upande wa pili wa pazia akaingilia. "Mama, nikupe njia nyingine. Nampiga picha na simu, sura haitokei, meno tu."

"Picha hapana," mama mkwe akasema upesi. "Picha ni yeye mwenyewe. Anakutazama." Akafikiri tena, muda mrefu, mpaka nikadhani amelala. "Plasta ni plasta. Haina damu. Plasta sawa."

Ndivyo hukumu ilivyotolewa, kwenye benchi langu, na mpaka leo sijaona wakili angetoa nzuri zaidi.

Mzee naye akakubali, na siku ya kuchukua chapa nilikwenda sokoni nikakaa kwa wauza viazi saa nzima, ili mzee aingie na kutoka pasipo mimi nyuma ya pazia. Niliporudi nilikuta trei mbili mezani, ya juu na ya chini, karatasi yenye namba ya rangi ambayo tabibu aliilinganisha kwa kadi yetu, na kipande cha nta kilichokunjwa kama kiatu cha farasi. Nta hiyo mgonjwa huing'ata ili nijue meno ya juu yanakutanaje na ya chini. Bila hiyo fundi anajenga nyumba bila kujua dari iko wapi.

Nikamimina plasta. Ilipokauka nikaitoa, na pale pale nikakaa chini.

Sikuwa nimejiandaa. Mtu ambaye sijawahi kumwona alikuwa mezani kwangu. Jino lake la pembeni lilikuwa limepanda juu ya mwenzake, vile vile kama la mume wangu, na kama la binti yangu wa kwanza ambalo nilikuwa nimeshapanga kulirekebisha. Kwenye meno mawili ya mbele palikuwa na mfereji mdogo, laini, uliochimbwa kwa miaka. Nilijua ni nini. Wafumaji wa matenga wakipasua mwanzi hushika ukanda kwa meno ili mikono yote miwili ibaki huru. Kule nyuma kushoto ufizi ulikuwa tambarare kama uwanja. Na kule kulia, gego lenyewe, limepoteza kilima kimoja chote na nusu ya kingine. Mzizi ulikuwa imara. Nilicheka peke yangu kwa furaha. Kazi kama hii ndiyo niliyoifuata Lusaka.

Nta nilipoishika niliona alama zake ni hafifu, kama za mtu aliyeibusu badala ya kuing'ata. Nikajiambia mzee hana nguvu za taya, nikaendelea. Hilo ndilo kosa langu, na nitarudia kulisema baadaye kwa sababu ni zito.

Kauri niliijenga siku mbili. Umeme ulikatika mara moja, tanuri likapoa, nikaanza upya. Rangi ndiyo niliyojivunia zaidi. Tabibu alikuwa ameandika namba moja, nami nikaongeza wekundu hafifu kwenye mabonde, ule unaokuja kwa mtu anayekunywa chai ya kwetu kali tangu utotoni. Nilipoiweka ile onlei juu ya plasta, hata mimi niliitafuta. Siku ya kubandika nilikwenda tena kwa wauza viazi, na niliporudi mzee ameshaondoka, tabibu alifungua pazia akaniambia maneno mawili tu: "Dada fundi." Halafu akatikisa kichwa.

Ujumbe wa mzee ulikuja jioni yake kupitia kwa mama mkwe: "Baba anasema ni nzuri. Ndaga fijo." Maana yake asante sana.

Basi nikajisifu. Sikuanza siku hiyo, lakini siku hiyo nilipata cha kushika. Nilijisifu kwa wauza viazi, nilijisifu kwa wauza maparachichi ambao wananijua tangu nikiwa mwenzao, nilijisifu nje ya kanisa mpaka mume wangu akanivuta mkono. "Basi, mama watoto, wamesikia." Nikamwambia wa nyuma hawajasikia.

Siku kama kumi zilipita. Mama mkwe akaja tena, akakaa benchi lile lile, akaweka kikapu, akaanza mvua. Baada ya mvua akaanza ng'ombe. Halafu akasema, akitazama tanuri, "Jino likishakaa vizuri, mama, mtu huwa anaumwa sikio?"

Nikaacha brashi. "Nani anaumwa sikio?"

"Nauliza tu."

"Mama."

"Kidogo. Na kichwa, huku pembeni. Asubuhi. Lakini anasema jino ni zuri."

"Anakula nini?"

Hakutaka kusema. Nilimwuliza mara tatu. "Ndizi namponda," akajibu mwishowe. "Tangu lile jino. Na sasa amesema Jumatatu anakwenda hospitali ling'olewe, ameshamwambia jirani amsindikize, na akasema nisikuambie, maana umefanya kazi nzuri na hataki uvunjike moyo."

Nilikwenda kwenye rafu nikashusha plasta zake. Nikaondoa ile nta. Nikashika taya la juu mkono mmoja na la chini mkono mwingine, nikayaacha yatafute yenyewe yanapokutana.

Meno ya mtu aliyeishi miaka mingi yamesagana. Kila mahali jino la juu linapolikanyaga la chini pana kijiwanja kidogo kinachong'aa, hata kwenye plasta unakiona. Ukivikutanisha vijiwanja hivyo, meno yanajifunga kama kifuniko na chungu. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anafundishwa kuvikagua kabla ya kuamini nta. Mimi, mwenye diploma na miaka sita ya Lusaka, sikuvikagua. Nilivifunga vijiwanja vya mzee kimoja baada ya kingine, na vyote vilifungana mpaka nilipofika kwenye gego langu zuri. Hapo taya likakwama. Onlei yangu ilikuwa juu. Unene wa ukucha tu. Lakini mdomoni unene wa ukucha ni mlima, na kila mara mzee alipofunga mdomo, mzigo wote wa taya ulilidondokea jino hilo moja. Wiki chache tu na lingepasuka mpaka mzizini, na hapo koleo lingekuwa na haki.

"Mama," nikamwuliza, "kwa nini baba aliing'ata nta vile? Kama anaogopa kuichafua?"

Mama mkwe alinishangaa kana kwamba nimeuliza kwa nini watu huvaa nguo. "Yule bwana si alimwambia nta inakwenda kwako? Ulitaka amkenulie meno mkamwana wake?"

Nikakaa. Tabibu naye akaja akakaa. Alikumbuka kila kitu: mzee aliuliza hii inakwenda wapi, akajibiwa, akaifungia midomo juu yake polepole, kwa adabu. Na siku ya kubandika, alipopewa karatasi ya bluu ya kung'atia ili tuone kinachogusa kwanza, aliuliza tena kama na hiyo itakwenda kwa fundi. Aliambiwa ndiyo. Akaing'ata kwa adabu ile ile, na ganzi ya sindano haijamtoka, akasema iko sawa. Mtu mzima alikuwa amekaa siku kumi anaumwa sikio kwa sababu ya kunistahi.

Siku hiyo ilikuwa Ijumaa; zilibaki siku mbili kabla ya Jumatatu.

"Aje kesho," nikasema. "Na safari hii nitakuwepo."

"Utakuwepo wapi?" mama mkwe akaruka.

"Nyuma ya pazia. Sitamwona. Lakini lazima nisikie."

Ni kweli kwamba jino lililo juu linasikika. Mtu akigonga meno yake pamoja, kama yote yanafika kwa wakati mmoja, sauti ni moja, nzito na fupi. Likiwepo linalotangulia, unasikia sauti mbili, nyembamba kwanza, halafu iliyochelewa. Niliwahi kulifanya hilo Lusaka mbele ya wanaume wanane na wakanipigia makofi. Tabibu ana macho mazuri na mkono mwepesi, lakini masikio kama yangu hana, na yeye mwenyewe anakubali.

Mama mkwe aliondoka bila kukubali wala kukataa. Jumamosi saa nne nikasikia kikohozi kutoka mbali, kuleee kwenye kona ya soko. Nikaingia chumbani kwangu nikavuta pazia. Mama mkwe akaingia, akabeba kigoda changu mwenyewe, akakiweka katikati kabisa, pazia likimgusa bega. "Mimi ndiye ukuta," akatangaza. "Maneno yanapita hapa."

Kiti cha wagonjwa kililia mzee alipokikalia. Tabibu akamsalimu kwa Kinyakyusa, wakataniana kidogo kuhusu bei ya matenga, kisha akamwuliza kwa Kiswahili, "Mzee, hili jino linakufanyaje? Sema kweli."

Baba mkwe akajibu kwa Kinyakyusa. Nilikuwa sijawahi kumsikia akisema kwa karibu hivyo. Alisema linamgonga kichwani kama shoka kwenye gogo bichi.

Mama mkwe akageukia pazia. "Baba anasema linabana kidogo."

"Mama!" tabibu akasema. "Usipunguze!"

"Sijapunguza. Nimesema linabana."

"Amesema shoka."

"Shoka ni neno la kumwambia mkamwana?"

Nyuma ya pazia nilijiziba mdomo kwa khanga. Tabibu akapumua kwa nguvu, akaweka karatasi ya bluu. "Mzee, gonga." Nikasikia mguso mwepesi, kama vikombe viwili vya kahawa. Hakuna nilichoweza kukisikia humo. "Kwa nguvu zaidi." Mguso ule ule. "Mzee, mimi si mgeni wako, gonga!" Safari hii palikuwa na kitu: tik, kisha tak.

Tabibu akawasha mashine, akasaga kidogo, akaweka karatasi. Tik, tak. Akasaga. Akagongesha tena. Ilikuwa imekaribia, lakini mzee alisharudi kwenye vikombe vyake vya kahawa, na tabibu akasema, "Nadhani hapo—"

"Hapana!" Nilijisikia nikisema. "Bado! Kona ya nyuma, upande wa ulimi. Baba, gonga tena, gonga kama unavyoushika mwanzi!"

Mama mkwe alikuwa ameweka viganja vyote viwili mdomoni, nilimwona kupitia upenyo. Nje mtu alikuwa akipiga kelele za kuuza nyanya. Nilitamani tanuri linimeze. Tangu niingie ukoo ule, hayo ndiyo yalikuwa maneno yangu ya kwanza kwa baba wa mume wangu, na nilikuwa nimeyapayuka kama mpiga debe.

Kisha, kwa Kiswahili, polepole, sauti ya mzee ikasema, "Huyo ameujulia wapi mwanzi?"

Hakumwambia mkewe apitishe. Hakumwambia tabibu. Mama mkwe alitazama pazia, akamtazama mumewe, akashusha mikono.

"Nimeuona kwenye plasta, baba," nikasema. "Meno ya mbele. Mfereji wa mwanzi. Ni kazi ya miaka mingi."

"Arobaini," akasema mzee. Halafu akacheka, kicheko kifupi cha puani ambacho ni cha mume wangu kabisa. "Basi wewe umeshayaona yote."

"Yote, baba. Nisamehe. Na lile jino nililikosea mimi. Nta ilikuwa hafifu, nikaiamini."

"Nta niliikosea mimi."

"Mkishamaliza kugawana kosa," tabibu akasema, "naomba nigongewe meno."

Na mzee akagonga. Nasema akagonga! Taya la mtu aliyepasua mianzi kwa meno miaka arobaini lilishuka, na nikasikia kila kitu. Tik, pale pale nilipokuwa nimesema, kona ya nyuma upande wa ulimi. "Punguza hapo, daktari, kidogo sana, kama unafuta vumbi." Mashine ikalia na kunyamaza. Akagonga. Nikamwambia bado. Mashine. Akagonga. "Sogeza taya kama unatafuna, baba. Kulia. Sasa kushoto." Akasogeza. Sauti ya kusagana ilikuwa laini mpaka ikakwaruza mahali pamoja. Tukapaondoa. Akagonga tena.

Tak.

Moja tu, nzito, fupi. Akagonga mara ya pili bila kuambiwa, na ya tatu, na ya nne, na nikajua anajisikiliza.

"Sasa je, mzee?" tabibu akauliza.

Mama mkwe alikuwa tayari ameinama kuelekea kwangu kuniletea jibu lililopunguzwa, lakini mzee akamtangulia. "Sioni kama liko," akasema. "Natafuta kwa ulimi, silioni."

Katika ufundi wetu hakuna sifa inayopita hiyo. Hawa wanaosema jino ni zuri, zuri sana, hao bado wanalisikia. Nilisimama nyuma ya pazia, machozi yananitoka bila adabu yoyote, na sikuona haya.

Tabibu aliisugua kauri mpaka ikang'aa, akamwosha mdomo, akamwinulia kiti. Nikasikia viatu vikishuka sakafuni. Nilidhani anakwenda. Viatu vikasimama.

"Nasikia unajisifu sana huko sokoni," baba mkwe akasema.

"Ndiyo, baba."

"Hata nje ya kanisa."

"Hata nje ya kanisa, baba."

"Hm." Mama mkwe akaanza kusema kitu, akaacha. "Kuna lingine la juu," mzee akaendelea. "Mbele ya hili. Linaingia chakula. Jumatatu nilitaka wang'oe yote mawili kwa safari moja."

Nilikuwa nimeshaliona. Nililiona siku ile ile plasta ilipokauka, shimo dogo bondeni, vilima vyote vimesimama. "Hilo halihitaji hata onlei, baba. Ni inlei, kipande kidogo tu cha kuingia ndani. Jino lenyewe ni zima."

"Litakaa muda gani?"

"Ukiling'ata vizuri, litatuzidi sote umri."

Akakohoa, kile kikohozi chake cha njiani, lakini hakuondoka. Nikasikia akivuta kiti, kiti cha mbao cha wanaosubiri, na kukikalia, na tabibu akifungua daftari la miadi.

"Tafuta siku ambayo na fundi yupo," baba mkwe akamwambia.